Vakansi zimefika: watoto wa Ruashi na Katuba watachezea wapi?

Shule zimefunga milango. Tangu juma hili, watoto wa Lubumbashi wako nyumbani mpaka mwezi wa Septemba. Asubuhi baridi ya kipupwe inauma, mchana vumbi linapanda, na katika kila parseli mama anajiuliza swali moja: hawa watoto nitawaweka wapi siku nzima?

Parseli yenyewe tunaijua. Nyumba mbili au tatu ndani ya ukuta mmoja, kamba ya nguo katikati, mbabula ya makaa mbele ya mlango, na mpangaji wa nyuma aliyefanya kazi ya usiku na anayetaka kulala. Watoto wakipiga kelele kidogo tu, wanafukuzwa: nendeni mcheze inje! Na inje ni wapi? Inje ni barabara. Kuna pikipiki zinazopita mbio bila kupiga honi, magari ya mchanga, na mtaro wa maji machafu usiofunikwa. Hapo ndipo watoto wetu wanapiga mpira wao wa mifuko ya plastiki, na hapo ndipo wasichana wanaruka nzango. Kila mkaaji wa mji huu anajua angalau jamaa moja ambayo mtoto wake alirudishwa nyumbani mikononi mwa watu kwa sababu mpira ulivuka barabara.

Leo hatutaki kuandika juu ya siasa ya Kinshasa wala juu ya bei ya shaba. Tunataka kuandika juu ya mambo ambayo viongozi wengi wanayaona kuwa madogo: mahali pa kuchezea watoto.

Kwanza tuseme lililo jema, kwa sababu wazazi wanatuuliza na lazima tuwajibu. Mahali pa kupeleka watoto mwezi huu papo. Bustani ya wanyama, ile tunayoiita zoo, ingali mahali ambapo jamaa nyingi za Lubumbashi zinakwenda siku ya Jumapili na siku za sikukuu. Iliumia sana katika miaka ya vita na taabu, wanyama wakabaki wachache, kisha ikajengwa tena. Mtoto anayemwona mamba kwa macho yake mwenyewe atakuwa na habari ya kusimulia kwa muda mrefu. Shauri letu: kwendeni asubuhi, mbele ya umati wa alasiri, na bebeni maji na chakula chenu. Bukari ya nyumbani ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa haina aibu yoyote, tena inaacha franka mfukoni kwa safari ya kurudi.

Wakiwa hapo, wazazi wanaweza kuwafundisha watoto neno moja la maana. Katika mji huu huu, tangu mwaka wa 2006, kuna kituo kinachoitwa J.A.C.K. ambacho kinalea sokwe wadogo walionyang'anywa mikononi mwa wachuuzi. Mwaka wa 2022, watu wabaya waliingia humo na kuiba sokwe watatu wangali wachanga. Mtoto anayejua habari hiyo hatasumbuka kuomba anunuliwe mnyama wa pori ili amfuge nyumbani.

Kwa watoto waliokwisha kujua kusoma, kuna Musée ya taifa ya Lubumbashi. Wengi wetu tunapita mbele yake miaka kumi bila kuingia. Ndani kuna vitu vya mababu, vya ufundi wa shaba na wa mbao, ambavyo mtoto wa mjini hajapata kuviona hata kijijini kwa babu yake. Kwa jamaa zenye gari au zenye kukodi gari pamoja na majirani, kuna ziwa la Kipopo inje ya mji, penye hewa safi na nafasi ya kukimbia. Lakini ziwa ni ziwa: mtoto mdogo hapaswi kuachwa pale bila mtu mzima wa kumwangalia, hata dakika moja.

Tusisahau viwanja vya parokia na vya mapadri wa Don Bosco. Wasalesiani walifika katika mji huu mwaka wa 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na tangu hapo kazi yao imekuwa vijana. Wazazi wengi wanaosoma maneno haya walijifunza kupiga mpira, kuimba na kucheza tamthilia ndani ya oratorio au pamoja na Kiro na Skauti. Ulizeni parokia yenu, ulizeni kanisa lenu, kama kuna michezo ya vakansi. Mara nyingi ipo, na haiulizi mtoto anatoka katika dini gani.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa tuseme kinachouma.

Ukichukua ramani ya Lubumbashi na kutia alama mahali pote ambapo jamaa inaweza kukaa chini ya mti bila kununua kinywaji, utaona kwamba alama nyingi zinaangukia upande mmoja, upande wa komine ya Lubumbashi, mji wa katikati. Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na Annexe, ambamo watoto ni wengi kabisa, hazina karibu kitu. Hali hiyo ina asili yake. Wakoloni walipopanga Élisabethville, waliweka upande mmoja barabara pana, bustani na miti ya jakaranda kwa ajili ya wazungu. Upande wa pili waliweka cité kwa ajili ya wafanyakazi weusi, na katikati wakaacha eneo tupu la kutenganisha watu. Katika cité, parseli zilipimwa kwa hesabu ya mfanyakazi anayelala na kurudi kazini. Bustani haikuwa katika hesabu.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1960. Eneo lile la kutenganisha watu likaisha, mtu akaishi anapoweza kulipa. Lakini bustani hazikuvuka. Mtoto wa Ruashi akitaka kupanda bembea, bado anapaswa kusafiri kwenda upande ule ule ambao babu yake alikuwa anakwenda kwa ruhusa.

Mama mmoja wa Ruashi, jirani yetu, ana watoto watano. Alitueleza jinsi anavyofanya. Hawezi kuwapeleka wote zoo siku moja, kwa sababu kutoka kwake ni magari mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, na mlangoni pia wanalipa. Basi anawapeleka kwa zamu. Noeli ilikuwa zamu ya wakubwa wawili. Vakansi hizi ni zamu ya wale wawili wanaofuata. Kitinda mimba atangoje Noeli nyingine. Hakutueleza hayo kwa kulalamika. Alieleza kama mtu anavyoeleza namna ya kugawa nyama chache ndani ya sahani nyingi. Lakini sisi tuliomsikiliza tulijiuliza: je, mji wa watu wengi namna hii, wenye shaba na kobalti chini ya miguu, umefika mahali pa kugawa bembea kwa zamu?

Lililo baya zaidi ni hili: hata viwanja vile vidogo ambavyo cité zilikuwa navyo vinakufa. Kila mtaa ulikuwa na tereni yake. Waulizeni wazee wa Kenya na wa Katuba. Watawaonyesha kwa kidole: hapa tulikuwa tunacheza mpira, pale palikuwa na miembe. Leo hapo ni ukuta.

Tereni haifi kwa siku moja. Tumeona njia yake mara nyingi, nanyi mmeiona. Kwanza mtu anamwaga lori moja la mchanga kwenye kona. Anasema ni kwa muda. Kisha kinasimama kibanda cha kuuzia maji na vocha. Kisha matofali yanapangwa karibu na kibanda. Watoto wanapunguza uwanja, wanahamisha mawe yao ya goli. Siku moja, mara nyingi siku ya Jumamosi jioni wakati ofisi zimefungwa, ukuta unaanza kupanda. Wakaaji wanapokwenda kuuliza, wanaonyeshwa karatasi yenye muhuri. Nani alitia muhuri? Aliyekuwa kazini amekwisha kuhamishwa. Na aliyepo anasema alikuta mambo yamekwisha.

Lakini sheria si bubu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na ikatenga ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote mbali na ile inayoweza kugawiwa mtu binafsi. Kiwanja cha mtaa ni cha watu wote. Hakiwezi kugeuka kuwa parseli ya mtu kwa sababu tu ya muhuri wa ofisi, kama vile barabara haiwezi kuwa sebule ya mtu. Nchi yetu pia ilitia sahihi Mapatano ya kimataifa juu ya haki za mtoto na kuyathibitisha mwaka wa 1990. Kipengele cha 31 cha mapatano hayo kinasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na ya kucheza. Kucheza si zawadi ambayo kiongozi anampa mtoto siku akiwa na moyo mwema.

Kuna watu watakaosema: ninyi watu wa magazeti mnapenda mambo ya starehe. Barabara zimeharibika, maji hayatoki, umeme unakatika, nanyi mnaomba bembea! Tunawasikia. Lakini tuwajibu mambo matatu.

La kwanza: kulinda kiwanja kilichopo hakuhitaji franka nyingi. Kunahitaji mtu aseme hapana kwa wakati. Kiwanja kinachobaki tupu kinaweza kungoja bembea miaka mitano. Kiwanja kilichojengwa nyumba hakirudi tena.

La pili: feza si kwamba hazipo kabisa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inagawa malipo yanayoitwa redevansi katika mafungu manne: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine au sekta ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena, kila kampuni ya madini inapaswa kuweka angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji walio karibu na mgodi. Vizazi vijavyo! Maneno hayo yameandikwa katika sheria. Vizazi vyenyewe viko barabarani sasa hivi, vinapiga mpira wa plastiki. Wakati komine na wakaaji wanapokaa mezani kuandika orodha ya miradi, tunaona visima, shule na zahanati, na hiyo ni haki. Tunaomba tu kwamba katika orodha hiyo hiyo liandikwe pia jina la kiwanja kimoja cha watoto.

La tatu, nalo ni zito: katika mji wa madini, mahali pa kuchezea ni jambo la afya. Mwaka wa 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali nyingine nyingi sana mwilini, na kwamba watoto ndio waliogusika zaidi. Sababu si ngumu kuelewa. Mtoto anakaa chini, anashika udongo, anatia mkono mdomoni. Vumbi tunalolifagia mlangoni, yeye analila. Tunapomwambia akacheze inje bila kujua inje kuna udongo gani, tunamtuma kwenye hatari tusiyoiona.

Dawa yake inajulikana. Katika mtaa wa Penga Penga, uliopokea moshi wa kiwanda kwa miaka mingi, walimu wa kilimo wa chuo kikuu chetu walijaribu kuotesha majani yanayovumilia udongo wenye shaba, ili vumbi likae chini. Ujuzi upo hapa hapa. Komine inayotaka kufungua kiwanja cha watoto inaweza kuwaomba walimu hao wapime udongo kwanza, walete udongo safi pale panapohitajika, na waonyeshe majani na miti ya kupanda. Kiwanja chenye majani na kivuli ni dawa ambayo mtoto hajui kwamba anaimeza.

Wengine watasema pia: kiwanja tupu ni maficho ya wezi na jaa la takataka. Ni kweli, na akina mama wanaopita usiku wanalijua kuliko sisi. Lakini tereni inageuka kuwa jaa kwa sababu haina mwenyewe. Mahali ambapo kuna mlinzi, taa moja, pipa la takataka na kamati ya wakaaji wanaojuana, mambo yanabadilika. Tena mlinzi huyo anaweza kulipwa na kitu kidogo: mama anayeuza kalanga na munkoyo pale mlangoni atalipa ushuru wake kwa furaha, akijua kwamba feza inabaki palepale.

Tukumbuke pia viwanja vimetupa nini. Mwaka wa 1939, watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule waliwakusanya vijana wao na kuunda timu ya mpira. Timu hiyo leo ni TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara tano, waliofika mpaka fainali ya kombe la dunia la vilabu mwaka wa 2010. Mwaka ule ule wa 1939 ilizaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli. Utani wa timu hizi mbili umegawa meza za chakula katika kila jamaa ya Lubumbashi, na hakuna mtu anayetaka uishe. Lakini timu hizo hazikuanzia ndani ya stadi yenye viti. Zilianzia kwenye ardhi tupu ambayo mtu fulani alikubali kuiacha tupu.

Hata hivyo tuseme neno kwa viongozi wanaodhani kwamba kiwanja cha mpira kinatosha. Hakitoshi. Kwenye tereni ya mtaa, vijana wa miaka kumi na nane wanawafukuza wadogo, na wavulana wanawafukuza wasichana. Mtoto wa miaka minne hana nafasi, na mtoto anayetembea kwa magongo hana nafasi kabisa. Bibi anayelea wajukuu hana hata benchi la kukalia. Kiwanja cha jamaa kinahitaji kona ya wadogo yenye bembea na ubao wa kutelezea, mahali pa wasichana pa kucheza nzango bila kusumbuliwa, kivuli, maji, na choo kinachofungwa. Hayo yote fundi wa chuma wa Katuba anaweza kuyatengeneza kwa vyuma vya hapa hapa. Hatuhitaji kontena kutoka ng'ambo.

Basi, tunaomba nini?

Kwa meya wa mji na waburgomesta wa komine zote saba: tangazeni orodha ya viwanja vya watu wote vilivyobaki, mtaa kwa mtaa, na muweke kibao kwenye kila kimoja. Kibao kinachosema mahali hapa ni pa watu wote, hapauzwi, ni kazi ya mchana mmoja. Kisha kila komine ichague kiwanja kimoja, kimoja tu kwa kuanza, kigeuzwe mahali pa jamaa mbele ya vakansi za mwaka ujao.

Kwa washauri wa komine tuliowapigia kura Desemba 2023: mlipopita milangoni mwetu kuomba kura, mlipita katikati ya watoto wanaocheza barabarani. Mliwaona.

Kwa wakuu wa shule: viwanja vyenu vinafungwa kwa kufuli miezi miwili, wakati watoto walewale wako inje ya ukuta. Fungueni asubuhi tatu kwa juma, pamoja na mzazi mmoja au wawili wa kuangalia. Kamati za wazazi ziko, ziombeni msaada.

Na kwetu sisi wazazi: tusingoje yote kutoka juu. Ukiona lori linamwaga mchanga kwenye tereni ya mtaa wako, usiseme ni mambo ya wengine. Uliza siku hiyo hiyo, pamoja na majirani, kwa adabu na kwa maandishi, na mbaki na nakala. Siku ya matofali utakuwa umechelewa. Tena tuwe na ukweli: baadhi yetu ndio tunaonunua parseli hizo kwa bei ndogo, tukijua vizuri kwa nini bei ni ndogo. Mnunuzi asipokuwepo, muuzaji anakosa kazi.

Mwezi wa Septemba jakaranda zitaanza kutoa maua, watoto watarudi shuleni, na mwalimu atawapa kazi ile ile ya kila mwaka: andika ulichofanya wakati wa vakansi. Wengine wataandika juu ya mamba wa zoo, wengine juu ya ziwa la Kipopo. Kitinda mimba wa yule mama wa Ruashi naye ataandika. Kama hakuna linalobadilika katika mtaa wake, ataandika kwamba alibaki nyumbani, kwa sababu zamu yake haijafika.